Kilio Kilichotangulia Habari

Katika nyumba ile, uso wa mtu haukuchorwa mkubwa mpaka mwenyewe awe amekufa. Si kwamba kulikuwa na mwiko. Kazi tu ndiyo iliyozoesha hivyo. Watu wenye pumzi zao walijipiga picha kwa simu, wakajitazama, wakafurahi, wakaacha. Hakuna aliye hai aliyekuja kutoa pesa yake ili achorwe. Waliogonga mlango ule walikuja na kitambulisho kilichochakaa, au kipande kilichokatwa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, wakasema kwa sauti ya chini, "Binti, tunataka huyu awe mkubwa, tumweke ukutani." Nukta hakuhitaji kuuliza zaidi. Alipokea nusu ya malipo, na kwa siku zilizofuata marehemu wa watu alikaa naye chumbani akiongezeka kidogo kidogo, leo shavu, kesho sikio, keshokutwa kola ya shati.

Nukta halikuwa jina lake. Alibandikwa na marafiki zake wawili kwa sababu maneno yake yalikuwa machache, na alipoyasema yalikuwa yanafunga mazungumzo. Shule aliiacha kabla ya kumaliza msingi, mwaka ambao baba yao alifariki na mama akaanza kufua mashuka katika nyumba ya wageni. Kuchora alijifunza kwa fundi wa mabango aliyekuwa jirani, ambaye naye alipokufa, Nukta ndiye aliyemchora.

Jumapili mchana, mama akiwa kazini, wale marafiki watatu walikutana katika chumba cha mbele, ambacho kilikuwa sebule, karakana na duka kwa pamoja. Profesa alikuwa mpiga picha za harusi. Aliwahi kukaa chuoni mwaka mmoja kabla ada haijamtoa mbio, na simu nzuri katika kundi lile ilikuwa yake. Wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, ambaye kwa vipande vya vyuma vilivyobaki aliunda ndege, na mbuzi, na wazee wenye ndevu za minyororo. Huyu walimwita Tunasikitika. Alikuwa ameomba kila nafasi ya wasanii iliyotangazwa chini ya jua, na kila jibu lilianza kwa neno hilo. Mwishowe hata mama yake Nukta alimwita hivyo, tena kwa upole, kama mtu anavyoitwa jina la babu yake.

Walikuwa na mchezo wao. Profesa alishika brashi kama kipaza sauti, akakaza shingo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji yale yaliyoingia kwenye simu, ya ulimwengu na ya kwao, bila kuyatenganisha.

"Habari za dunia. Mji mmoja umeshambuliwa alfajiri kwa ndege zisizo na rubani, na hospitali yake imebaki ukuta mmoja. Habari za nyumbani. Fundi wa mageti amepata jibu kutoka ng'ambo, naye pia amebaki ukuta mmoja. Msemaji wake amesema ataomba tena. Hali ya hewa ni ukame."

Walicheka mpaka Tunasikitika akajishika mbavu. Alikuwa wa kwanza kucheka siku zote, ili asije akachekwa.

Lakini siku ile Profesa aliteleza na kidole, akaanza habari nyingine kabla hajaipima. Ilihusu vijana waliotoka nchi za mbali, wakaahidiwa kazi za viwandani kwenye nchi ya baridi, na sasa walionekana wamevaa sare, wamesukumwa mstari wa mbele wa vita ambavyo si vyao. Aliisoma mpaka katikati. Kisha akaishusha brashi, kwa sababu kaka yake Nukta alikuwa nchi hiyohiyo.

Kaka mtu alikwenda kwa mkono wa wakala, kupakia mizigo kwenye ghala. Mwanzoni alimpigia mama simu kila alipolipwa, na hata asipolipwa. Halafu akasema wanahamishwa kwenda kazi nyingine, simu zao zitakusanywa kwa muda, mama asihangaike. Tangu hapo namba yake haikupatikana. Ya wakala iliita mpaka ikachoka.

"Soma nyingine," Tunasikitika akasema. "Tusomee ya mpira."

Profesa hakusoma ya mpira. Alisoma tangazo. Nyumba moja ya sanaa ng'ambo ilikuwa ikitafuta wasanii vijana. Atakayechaguliwa atapewa mwaka mzima, chumba cha kulala, chumba cha kazi chenye madirisha makubwa, na posho. Kazi zote zihusu jambo moja, aliye mbali. Hakuna aliyemtazama Nukta, na kwa jinsi hiyo kila mmoja akawa amemtazama.

Wakaanza kujaza maombi palepale, kwa simu ya Profesa, zamu kwa zamu. Ilipofika zamu ya Nukta, Profesa akamuuliza falsafa ya kazi yake.

"Andika nachora watu wafanane."

"Hiyo si falsafa, dada. Hiyo ni risiti."

Akamuuliza elimu. Nukta akatazama sakafu. Profesa, ambaye kwa mambo mengine hakuwa na haya, alijifanya kukohoa.

"Andika amesomea kwa marehemu," Tunasikitika akasema, na Nukta akacheka hata yeye, kwa mkono mdomoni, kama alivyocheka siku zote.

*

Alimchora kaka yake kwa wiki nyingi, mama akiwa kazini tu. Kila jioni aliufunika mchoro kwa shuka na kuusukuma nyuma ya kabati. Hakuhitaji mtu amwambie kwa nini. Katika nyumba ile mama alikuwa amezoea kuingia na kukuta uso mpya ukimtazama, na kila mara aliuliza swali moja, "Huyu naye aliumwa nini?" Nukta alijiambia kwamba atamweleza kazi ikiisha. Alijiambia pia kwamba mama akielezwa mapema atakataa, na hapo ndipo alipokuwa mkweli zaidi.

Alimchora kutokana na picha ya mwisho aliyoituma. Kaka amevaa koti nene lililomzidi mabega, nyuma yake ukuta wa mabati, na ana tabasamu lile la mtu anayetaka mama yake asiulize maswali. Kulichora tabasamu ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kuchora kile lilichokuwa linakificha. Nukta alifuta mdomo ule na kuuanza upya mpaka turubai ikaanza kulegea. Siku alipoupata, aliacha brashi kwenye kopo, akatoka nje, akaketi kizingitini kama mgeni.

Tunasikitika alipoonyeshwa alikosa mzaha. Alizunguka mchoro kama anavyozungukwa ng'ombe mnadani, kisha akasema, "Mimi nitajitoa. Sitaki kusikitikiwa kwa ajili yako." Lakini hakujitoa.

*

Siku ya kuupiga picha mchoro walichagua asubuhi, kwa kuwa baadaye ghorofa la ng'ambo ya barabara lilikuwa likikata mwanga. Profesa akaja na kamera yake ya harusini. Tunasikitika akashika shuka jeupe upande mmoja ili lirudishe mwanga. Mchoro wakauweka juu ya kiti, ukawa kimo cha mtu aliyeketi.

Kule nyumba ya wageni maji yalikatika. Msimamizi akawaambia wafuaji warudi makwao, na siku hiyo wasiihesabu. Mama akatembea nyumbani akisonya njia nzima, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akasukuma mlango.

Akamwona mwanawe ameketi kwenye kiti, mkubwa, kimya. Akamwona Profesa na kamera. Akaliona shuka jeupe.

"Mmeambiwa lini?" akauliza.

Profesa hakulielewa swali. Tunasikitika alilielewa, akaona si lake kulijibu, akamgeukia Nukta. Na Nukta alilielewa kuliko wote, lakini tangu utotoni akishtuka koo lake hufunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Neno lilikuwepo. Lilikuwa fupi. Lilikataa kupita.

"Nawauliza, mmeambiwa lini mkakaa nalo?"

Kisha akaenda chini. Hakuanguka, alishuka, kama nguo inavyoshuka kamba ikikatika. Akaikumbatia miguu ya kiti, akalaza shavu kwenye lile koti la rangi ambayo haijakauka vizuri, akalia kilio ambacho Nukta hakuwahi kukisikia, hata siku baba alipozikwa. Siku ile mama alikuwa na watoto wawili wa kuwafichia kilio. Leo hakumfichia mtu.

Koo lilipofunguka, Nukta akasema, "Mama, hajafa. Nimemchora tu. Mama, hajafa." Akayasema mara nyingi, amepiga magoti, amemshika mabega. Lakini katika ule muda wa koo kufunga, kamera ya Profesa ilikuwa imeshalia.

*

Kilio hakibishi hodi. Kabla mama hajapokea hata maji, wanawake wa majirani walikuwa wameingia, kila mmoja akianza kulia tangu nje ili asiingie na macho makavu. Wanaume wakaleta viti vya plastiki na kuvipanga ukutani. Mwenye duka la pembeni akavua kofia yake na kuanza kuizungusha kwa mchango.

Ikabidi sasa waambiwe. Kutangaza msiba kila mtu anajua, lakini kuutangua hakuna aliyefundishwa. Nukta alijaribu kwa sauti yake isiyofika mlangoni. Tunasikitika akamsaidia kwa sauti ya kwenye vyuma, akasimama juu ya kiti na kusema kwamba hakuna aliyekufa, ni mchoro, wamshukuru Mungu na waende zao.

"Hakuna aliyekufa?" akauliza mwanamke mmoja mzee, na mashavu yake bado mabichi. "Sasa sisi tumelia nini?"

Pesa za kofia ikabidi zirudishwe mkono kwa mkono, na mikono iliyotaka kurudishiwa ilikuwa mingi kuliko iliyotoa. Mwenye duka na fundi viatu wakashikana mashati juu ya noti moja. Viti vikabebwa tena, kimoja kimoja, kwa kukwaruzwa sakafuni. Kwenye geti watu walisimama vikundi vikundi, na Nukta akasikia mtu akisema kwamba binti huyu anauza sura ya nduguye, na mwingine akimjibu kwamba msiba ukiitwa husikia.

Kesho yake msimamizi wa nyumba ya wageni alimuuliza mama mbele ya wenzake kama amekuja kufua au bado anaomboleza. Alipoelezwa ilivyokuwa, akatikisa kichwa. "Nyinyi mnajua kutafuta ruhusa," akasema. Mama akainama kwenye beseni. Aliyoyasema msimamizi aliyasimulia nyumbani bila hasira, kama anasimulia ya mtu mwingine.

Nukta alisubiri kugombezwa, na kugombezwa hakukuja. Jioni ile ya kilio mama alijisugua shavu kwa mafuta ya taa mpaka rangi ya koti ikatoka, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mimi nimeshamlilia. Mtu hulilia mwanawe mara moja. Akifa kweli nitamlilia na nini?"

Siku hiyohiyo Nukta alichukua rangi nyeupe ya ukutani na kuupaka mchoro wote. Alianza na koti, akamaliza na mdomo. Maombi yake yalibaki yamejazwa nusu. Akamwambia Profesa afute alichokipiga, na Profesa akainua mkono na kuapa kwamba amefuta.

*

Majibu yalipotoka, Profesa hakungoja Jumapili. Alikuja jioni, mama akiwa ndani anabadilisha nguo za kazi, na nyuma yake alikuwepo Tunasikitika ambaye hakumtazama mtu usoni.

"Sisi wengine wamesikitika," Tunasikitika akasema. "Huyu wamemfurahia."

Profesa hakuwa na brashi wala sauti ya mtangazaji. Akampa Nukta simu.

Nukta alikiangalia kile kilichokuwa humo kwanza kwa jicho la fundi, na jicho hilo likasema kwamba mwanga umekaa sawasawa. Mgongo wa mama umejikunja chini, nyayo zake zimegeuka juu, zina mipasuko ya maji na sabuni, na juu yake, bila kivuli hata kidogo, kaka amekaa na lile tabasamu. Mchoro alioupaka rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe ulikuwa mzima humo, na chini yake palikuwa na jina la Profesa. Kisha akakiangalia kwa jicho la mtoto wa yule mama, akarudisha simu haraka kama imemuunguza.

"Uliapa."

"Niliapa. Nikakaa nayo siku nzima kidole kiko juu ya kufuta. Iangalie mwenyewe, Nukta. Wewe ungeweza?"

Kilichomuuma Nukta ni kwamba hakuwa na hakika na jibu lake.

"Umeandika kaka amekufa," akasema baadaye.

"Sikuandika hivyo. Niliandika mama anamlilia mwanawe aliye mbali, katika nchi yenye vita. Kuna uongo hapo? Hakumlilia? Hayuko mbali?"

"Watasoma amekufa."

"Watakavyosoma si kazi yangu."

"Ndugu yangu," Tunasikitika akasema, "ungesomea uwakili tungekula vizuri wote."

Profesa akaeleza kilichomleta. Nyumba ile ya sanaa ilitaka sauti ya mama, aseme mwenyewe kwamba amekubali aonekane. Bila hiyo nafasi atapewa mwingine, na mwingine yupo kwenye orodha, nyuma yake tu, anapumua. Akaeleza kuhusu chumba anachodaiwa kodi, na harusi ambazo siku hizi kila mgeni anajipigia picha mwenyewe. Alizungumza haraka, kwa mikono. Alisema pia kwamba akifika huko hatawasahau, na aliposema hilo hata yeye akalisikia lilivyo.

Nukta alikwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. Alikuwa mdogo wa umbo, mlango haukujaa. "Mama hatasema kitu," akasema.

"Mama amesikia," mama akasema nyuma yake.

Akatoka, akaomba aonyeshwe. Akaishika simu kwa mikono miwili, mbali na macho, kisha karibu. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba kioo kikazima, na Profesa ikabidi akiguse kiwake.

"Nyayo zangu ndivyo zilivyo?" akauliza.

Akaisogeza simu karibu zaidi na macho.

"Itaonekana wapi hii?"

"Kila mahali, mama. Watu wa huko wana njia zao. Magazetini, kwenye simu, dunia nzima."

"Na kule aliko yeye?"

Profesa alisita. "Na huko, mama. Simu ziko kila pahali."

"Simu zao walizikusanya," Nukta akasema. "Mama, usikubali. Watu watasema amekufa."

"Watu wameshasema. Walikuja na viti." Mama hakuondoa macho kwenye kioo. "Nisiposema mimi, atasema nani? Nimempigia wakala mpaka kidole kimeota sugu. Nimekwenda ofisi ile ya serikali, nikaambiwa nikae, nikakaa, wakafunga. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Sasa huyu anasema dunia nzima itanitazama." Akamgeukia Nukta, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho binti yake hakukiona siku nyingi, kitu kama ujanja. "Wewe unamjua kaka yako. Hapendi nilie. Alipokuwa mdogo nikilia alikuwa ananiziba mdomo kwa mkono. Akiniona vile atatafuta simu hata ya kuiba, anipigie aniambie, mama, acha, niko hapa."

Nukta angesema nini? Kwamba haiwezekani? Hakuwa na kingine cha kumpa badala yake.

Profesa akaiwasha simu inase sauti. Akamfundisha mama maneno, naye akayasema vizuri, kama mtoto mbele ya darasa, kwamba ni yeye, kwamba amekubali. Halafu kabla haijazimwa akasogea karibu na kuongeza yake. "Mwanangu, hapo nilikosea. Ukiniona, piga simu. Namba ni ileile."

Akauliza kama hayo nayo yatakwenda. Profesa akasema yatakwenda.

*

Profesa aliondoka bila mchezo wa kumuaga. Picha ikatangulia kabla yake. Ilitoka kwenye gazeti la huko, ikachukuliwa na magazeti mengine, kisha ikarudi nyumbani ikiwa imebadilika njiani, kama maji yanayopita kwenye bomba bovu. Tunasikitika aliisoma kwenye simu aliyoazima kwa bosi wake. Maneno ya Profesa hayakuwepo tena. Yaliyokuwepo yalisema mama akiwa mbele ya picha ya mwanawe aliyeuawa vitani. Maneno ya mama kwa mwanawe hayakuwepo mahali popote. Kuhusu aliyemchora kaka, hakuna aliyeuliza. Pengine walidhani ni picha tu iliyokuzwa dukani.

Tunasikitika alitaka kumwandikia Profesa matusi. Aliyaandika, akayafuta, akaandika, "Umefika salama?" Jibu lilikuja siku nyingi baadaye na lilikuwa na picha ya madirisha.

Simu ya mama, ile ndogo ya vitufe, ikaanza kuita. Aliinunulia mfuko wa kitambaa akaitundika shingoni, akaenda nayo hata kwenye mabeseni, na msimamizi alipomkemea, mama alimwambia amkate mshahara lakini simu haivuliwi. Kila ilipoita alijifuta mikono kwenye tumbo, akaipokea kwa pumzi moja, akasema, "Ni wewe?"

Haikuwa yeye. Alikuwa shangazi wa mji mwingine akilia. Alikuwa mtu aliyesoma na kaka. Alikuwa mwandishi wa redio akitaka kujua mama alijisikiaje alipopata habari. Kila mmoja alimpa pole, na mama mwanzoni aliwaeleza mwanzo hadi mwisho, maji kukatika, kiti, binti anachora. Nao wakangoja amalize, wakampa pole tena. Baadaye akafupisha akawa anasema tu, "Asante, lakini hajafa, acha nikate, huenda anapiga."

Kazi za Nukta ziliongezeka. Watu waliokuwa wakisita mwanzo sasa walikuja na vitambulisho vyao, maana walikuwa wamesikia kwamba binti huyu amchorapo mtu, mama mzazi huanguka. Alizikubali zote. Kodi haina aibu. Tunasikitika bado alikuja Jumapili, akaketi kwenye ndoo, akamkunia rangi kavu kwenye visu. Habari za dunia hawakusoma tena. Tangazo la nafasi mpya likitoka, alilitaja kwa sauti ndogo, naye Nukta akasema, "Omba wewe."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili pia, lakini mama alikuwa nyumbani kwa sababu zamu yake alipewa mwingine. Simu ikaita. Akaipokea, akasema, "Ni wewe?" Kisha akasimama.

Alikuwa wakala. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kuwaaga watu uwanja wa ndege. Mama alibonyeza spika kwa sababu hakuyaamini masikio yake peke yake. Wakala alianza kwa kumpa pole. Akasema kuwa ofisi nzima imeguswa. Akasema kama mama hatajali, akihojiwa tena, asilitaje jina lake.

"Wewe nimekutafuta kuliko ninavyomtafuta Mungu," mama akasema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, kwani si ndiyo hiyo picha?"

"Ya picha naijua mimi. Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyempeleka. Nani kakwambia amekufa?"

"Tumeiona, mama. Wenzetu wa kule walikuwa bado wanauliza kuhusu vijana ambao haijulikani walipo, na yeye alikuwemo. Tulipoiona hiyo tukawatumia. Wakasema basi, kama familia imeshapata habari, wao wanamwondoa, waendelee kuwatafuta wengine."

Nukta alikuwa amesimama na brashi mkononi. Tunasikitika alikuwa ameacha kukuna.

"Baba," mama akasema, na kwa kijana yule ambaye angeweza kumzaa, sauti yake ikawa ya mtu anayeomba maji. "Nisikilize, baba. Hakuna aliyenipa habari. Mimi niliona mchoro. Binti yangu anachora watu, nikaingia nikadhani. Nilikosea. Warudishie jina lake. Waambie mama yake alilia kwa makosa, mwanangu hajafa."

Wakala alimwacha amalize. Hakumkatiza hata mara moja.

"Naelewa, mama," akasema kwa upole. "Wazazi wote wa vijana wale wanasema hivyohivyo."

Akampa pole tena, akakata simu.